Adabu ya Mgeni Alipaye

Wageni duniani ni wa namna mbili. Yuko mgeni apokewaye kwa hisani, na yuko mgeni apokewaye kwa malipo. Wa kwanza hula cha mwenyeji wake, na hulala juu ya kitanda ambacho pengine mwenyeji amekiacha kwa ajili yake. Wa pili hutoa fedha mlangoni, akapewa ufunguo, akawa mwenye chumba mpaka asubuhi. Wote wawili huitwa kwa jina moja katika lugha yetu, na kwa sababu ya jina hilo moja watu wengi hudhani kwamba adabu iwapasayo ni moja pia. Insha hii yataka kuuliza kama dhana hiyo ni ya kweli. Mgeni aliyelipa, akikuta kwamba alichoahidiwa sicho alichopewa, je, adabu yamwamuru anyamaze au yamwamuru aseme? Na kama yampasa kusema, aseme na nani, aseme nini, na kwa ajili ya nani?

Swali hili laweza kudhaniwa dogo, la kufaa mazungumzo ya barazani kuliko kurasa za wanachuoni. Lakini tazama nchi ya Handeni na Korogwe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha yapita Korogwe, na barabara itokayo Handeni hushuka katika bonde la mto Pangani ikafika huko huko. Wapitao ni mwalimu aliyehamishwa, mchuuzi wa mahindi, mgonjwa apelekwaye hospitali, mwanafunzi arudiye chuoni, na mama aendaye kuzika. Wengi wao hawana ndugu njiani. Giza likiwakuta huweka miili yao, watoto wao na akiba yao mikononi mwa mtu wasiyemjua, mpaka kupambazuke. Ni mara chache maskini huweka amana kubwa namna hiyo kwa maneno machache namna hiyo. Jambo lenye amana kubwa haliwezi kuwa jambo dogo.

Kabla ya kuihukumu adabu ya kunyamaza ni haki tuijue asili yake. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” na wakasema pia, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Methali ya kwanza yamfanya mgeni kuwa baraka, ya pili yamkumbusha kwamba baraka nayo hula. Baina ya methali hizi mbili ndipo adabu ya mgeni wa hisani ilipolelewa. Uzigua ni nchi ambayo mvua yake si ya kutegemewa. Mwaka 1894 nzige waliivamia, na njaa iliyofuata iliua watu na kuwatawanya wengine. Katika nchi kama hiyo chakula kilichowekwa mbele ya mgeni pengine kilikuwa cha watoto, au kilipunguzwa katika mbegu za msimu ujao. Mgeni aliyelalamika juu ya chumvi hakuwa akikosoa mapishi. Alikuwa akiikanyaga sadaka. Kwa hiyo alifunzwa kula kidogo, kushukuru sana na kuondoka mapema. Kunyamaza kwake hakukuwa uongo. Zawadi haina bei, na kisicho na bei hakiwekwi mizanini.

Tena mgeni huyo hakuja mikono mitupu. Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, asimulia juu ya Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, nchi ambayo leo imo katika wilaya ya Kilindi iliyogawanywa kutoka Handeni mwaka 2002. Mbega aliingia katika milima ya Usambara pamoja na mbwa wake na mikuki yake. Wenyeji walimpa chakula cha mashamba yao. Yeye aliwapa nyama, tena aliwaua nguruwe waliokuwa wakiyaharibu mashamba hayo. Kutokana na kupeana huko, masimulizi yasema, ndiko ulikotoka utawala wa Vuga. Twaona basi kwamba hata katika hisani palikuwa na kutoa na kupokea, ila hapakuwa na bei iliyotajwa mlangoni. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho, na macho ya jamii yalitazama kama alitoa kwa moyo.

Pwani desturi ilikuwa karibu zaidi na biashara. Ibn Battuta, aliyetembelea pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, aeleza kwamba jahazi lilipofika Mogadishu vijana walilikabili kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Akampa mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara yule alikaa kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Mtu aliyenunua mali ya mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemwuzia kitu pasipo mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Hapa pana jambo la kukumbuka. Fedha ilipoingia baina ya mgeni na mwenyeji, mji haukumwachia mgeni alindwe na adabu peke yake. Uliweka desturi yenye nguvu ya sheria, kwa kuwa ulijua kwamba mgeni katika biashara ni mtu dhaifu.

Bara nako fedha ilifika. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yaliwakusanya watu kutoka nchi za mbali, na mahali penye wapitaji wengi wasio na jamaa hapana budi usingizi upate bei. Sisemi kwamba bei hiyo ni uovu. Nyumba ya kulala wageni humpokea mtu asiye na ukoo wala rafiki. Humpokea usiku wa manane, na siku ya tatu haimpi jembe. Huo ni uhuru mkubwa. Lakini malipo, yaletapo uhuru huo, huwaondoa walinzi watatu waliokuwa wakimlinda mgeni wa hisani.

Mlinzi wa kwanza ni haya. Mwenyeji aliujua ukoo wa mgeni wake, na habari ya nyumba yenye uchoyo ilienea kijijini kabla ya jua kuchwa. Wa pili ni ushirika. Mwenyeji alikula chungu kimoja na mgeni wake na kulala chini ya paa moja naye. Paa likivuja liliwavujia wote. Wa tatu ni zamu. Mwenyeji wa leo alikuwa mgeni wa kesho, naye alitenda kama alivyotumaini kutendewa. Katika nyumba ya malipo mwenye mali aghalabu hakai humo. Pengine yuko mji mwingine, naye huijua nyumba yake kwa daftari la mapato. Mgeni huondoka alfajiri asirudi. Bwana afya hupita siku chache katika mwaka, lakini wageni hupita kila usiku. Basi haya, ushirika na zamu vikisha kuondoka, ni mlinzi gani abakiye? Abakiye karibu ni mmoja tu, nalo ni neno la mgeni mwenyewe.

Nitatoa mfano mmoja ili maneno haya yasiwe matupu. Safarini kati ya Handeni na Korogwe nililala katika nyumba ya wageni iliyo juu ya mwinuko. Jina lake silitaji, kwani insha si baraza la mashtaka, na nyumba zenye hali kama hiyo si moja. Mahali penyewe ni pazuri ajabu. Chini yake bonde la Pangani limelala wazi, na mistari ya mkonge imenyooka kama maandishi ya mtoto mwangalifu. Ng’ambo yake milima ya Usambara imesimama, buluu wakati wa mchana na nyeusi jua lichwapo. Ubao uliosimamishwa kando ya njia wautangaza uzuri huo. Watangaza pia vyumba vyenye kuelekea milima, maji ya moto na baridi saa zote, usalama na utulivu. Bei ilikuwa ya juu kuliko ya nyumba za mjini, na msimamizi alieleza sababu yake kwa kunyosha mkono kuelekea milimani.

Chumba nilichopewa kilielekea jiko la kuni. Bomba lilitoa mlio pasipo maji, na ndoo moja ililetwa saa tatu ya usiku baada ya kuombwa mara tatu. Shuka lilikuwa bado na jasho la mtu mwingine. Kitasa cha mlango hakikufunga, nikauegemeza kiti. Muziki wa baa iliyo chini ya dirisha ulikoma saa saba ya usiku. Chandarua kilikuwa na matundu matatu, na katika mawili ngumi ingalipita. Kuku aliyeagizwa jioni aliletwa karibu na saa nne, amepoa nje na mbichi ndani. Asubuhi milima ilikuwa pale pale, yameremeta, haina habari ya lolote lililotendwa kwa jina lake.

Mezani pa mapokezi palikuwa na kitabu kikubwa cha wageni. Kila mgeni huandika jina lake, atokako na aendako, na mwisho pana safu ya maoni. Nilipotakiwa kutia sahihi ya kuondoka nilizipitia kurasa kadhaa. Kutoka juu mpaka chini safu ile ilisema neno moja kwa miandiko mingi: pazuri, pazuri sana, nimefurahi, Mungu awabariki. Watu wale hawakulala katika nyumba nyingine, wala matundu ya chandarua hayakutoboka usiku ule. Wako walioegemeza kiti mlangoni kama mimi, nao waliwaandikia watakaofuata kwamba ni pazuri. Tena hawakusema uongo, maana mahali ni pazuri kweli. Walichofanya ni kulisifu lile ambalo mwenye nyumba hakulifanya, na kulinyamazia lile alilolifanya.

Miongoni mwa wageni wa usiku ule alikuwamo mzee mmoja wa Kizigua, mtu wa haya na maneno machache, aliyelala chumba cha pili yangu katika hali kama yangu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akainama akaandika katika safu ya maoni: Nashukuru.

“Mzee wangu,” nilimwuliza, “washukuru nini?”

“Mwanangu, nimeamka mzima. Kinywa kilichokula hakimsemi aliyepika.”

“Lakini aliyepika tumemlipa, mzee.”

“Fedha ilikuwa ya chumba,” alijibu. “Adabu ni yangu mwenyewe, haikuuzwa pamoja nayo.”

Jawabu hilo si la kupuuzwa. Ndani yake mna hofu ya haki. Mzee amewaona wageni ambao wakisha kulipa hudhani wamewanunua watu pamoja na kitanda: humwita mhudumu kwa kumpigia makofi, humtukana kwa sababu ya chai, na hutaka kuogopwa kwa thamani ya usiku mmoja. Yeye aona ni afadhali kudhulumiwa kuliko kuwa mtu wa namna hiyo. Fedha isibadili mwenendo wa mtu; na asemaye hivyo amesema kweli. Mtu awezaye kuitetea adabu ya kunyamaza atakuwa na hoja tatu. Atasema kwamba kunyamaza ni shukrani. Atasema kwamba kunyamaza ni huruma, maana lawama itamwangukia binti aliyeibeba ndoo. Na atasema kwamba uzuri wa mahali umefidia ubovu wa chumba. Nitaanza na hoja ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyo dhaifu zaidi.

Mlima si mali ya mwenye nyumba. Hakuuinua wala hawezi kuushusha. Anachoweza kuuza ni dirisha lililo wazi, kiti imara, na njia ya kufikia hapo; kwa kazi hiyo anastahili ujira. Lakini hawezi kuutoa mlima badala ya shuka safi, kama vile mvuvi hawezi kuuza uzuri wa bahari badala ya samaki. Wahenga walituonya: “Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.” Walituonya tena: “Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.” Naye azidishaye bei kwa sababu ya mlima amelizidisha deni lake, hakulipunguza. Msafiri aliyeona milima ile alifikiri kwamba mtu aliyechagua mahali kama pale ni mtu wa kujali mambo. Imani hiyo ilitoka mlimani, na mwenye nyumba aliitumia kama yake.

Hoja ya huruma ina uzito zaidi. Ni kweli kwamba binti aliyeileta ndoo aliipandisha kutoka tangi lililo chini ya mwinuko, usiku, juu ya kichwa chake. Ni kweli pia kwamba akilalamikiwa, yeye ndiye atakayeulizwa kwanza, wala si yule ambaye hakuitengeneza pampu. Lakini tujiulize: kunyamaza kwetu kumemfaa nini? Kama hapana mgeni asemaye kwamba maji hayapandi, pampu haitatengenezwa kamwe, na binti yule atazipandisha ndoo mpaka shingo yake imwume. Tajiri huangalia daftari lake, huona vyumba vimejaa na maoni ni mema, akasema kwamba nyumba yake haina ila. Huruma iliyokusudiwa kwa mtumishi imemwangukia bwana wake. Basi huruma ya kweli si kunyamaza; ni kumpelekea neno yule awezaye kutengeneza, na kutamka waziwazi kwamba aliyebeba ndoo hana kosa.

Yabaki hoja ya shukrani, nayo ndiyo mama wa zile nyingine. Kunyamaza mbele ya mtu aliyekupa bure ni shukrani, kwa sababu habari huishia kati yako na yeye. Kunyamaza mbele ya mtu aliyekuuzia hakuishii hapo. Atakuuzia wewe leo na mwenzako kesho kitu kile kile, na kunyamaza kwako kumekwisha kuwa ushahidi. Safu ya maoni haisomwi na mwenye nyumba tu; husomwa na mgeni ajaye, naye huamini. Na katika nchi hii jambo analoliamini laweza kuwa la uhai. Korogwe ni mahali ambapo malaria haihitaji kuelezwa: palikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, ambapo chanjo ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto kati ya mwaka 2009 na 2014. Katika bonde hili chandarua chenye matundu si upungufu wa raha. Mtu mzima pengine atapata homa apone. Mtoto mchanga pengine hatapona.

Hoja hiyo haikushinda kwa maneno yangu. Mzee alipokuwa bado ameshika kalamu, aliingia mama kijana aliyeshuka katika basi la asubuhi, mtoto mgongoni, mwenye safari ya kuendelea kesho yake. Alikifunua kitabu, akaisoma ile safu, hakuuliza neno, akanyosha mkono apewe kalamu. Mzee alimtazama mtoto. Kisha alimgeukia msimamizi akasema kwa sauti ya chini:

“Bwana, chumba nilichotoka mimi chandarua chake kimetoboka, na mlango haufungi. Huyu mpe chandarua kizima kwanza, ndipo aandike.”

Hakukunja uso wala hakudai fedha yake. Msimamizi alimtuma kijana ghalani, na chandarua kipya kikaletwa, kingali katika mfuko wake. Kilikuwamo siku zote. Hapakuwa na umaskini uliokizuia kutundikwa; kilichokizuia ni kwamba hapakuwa na mtu aliyesema.

Mzee yule hakuiacha adabu yake. Aliipeleka mahali pake. Neno lile lile ambalo, lingalisemwa kwa ajili ya nafsi yake, yeye angaliliona kuwa choyo, lilipata kuwa ukarimu liliposemwa kwa ajili ya mwingine. Hapa ndipo ninapoliona jawabu la swali letu. Mgeni alipaye hana deni la shukrani kwa mwenye nyumba, maana amekwisha kulilipa. Deni lake ni kwa mgeni atakayelala katika kitanda kile baada yake. Kwa yule ajaye, yeye ndiye mwenyeji. Amefika kabla yake, ameijua nyumba, ameyaona matundu. Ukarimu wa wahenga haukufa fedha ilipoingia. Umehama tu: zamani ulitoka kwa mwenyeji kwenda kwa mgeni, na sasa hauna budi kutoka pia kwa mgeni kwenda kwa mgeni.

Si kila kusema ni kusema kwema. Mwezi wa Februari mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani mpaka Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa, ambaye wakati ule alikuwa mzee na mgonjwa. Walipokewa kama wageni. Mwaka 1872 Burton alitoa kitabu chake juu ya Unguja na pwani yake, na humo aliwaeleza watu wa nchi hizi kwa dharau nyingi. Kimweri alikuwa amekwisha kufa, na raia zake hawakuweza kukisoma. Maneno ya namna hiyo hayatengenezi kitu: husemwa mbali, kwa watu wasiohusika, juu ya mtu asiyeweza kujibu. Hayakuwa ya Burton peke yake. Hata leo yuko mgeni aandikaye “pazuri” katika kitabu cha nyumba, kisha akawasimulia rafiki zake mjini kwa kicheko jinsi alivyolala vibaya katika nchi ya watu fulani. Mwenye nyumba amenyimwa ukweli wake, na nchi nzima imevishwa aibu isiyo yake.

Mfano wa neno lililosemwa mahali pake watoka mbali, katika mji wa London. Mwaka 1943 Learie Constantine, mchezaji mashuhuri wa kriketi kutoka Trinidad, aliahidiwa vyumba kwa siku nne katika Imperial Hotel, yeye na mkewe na binti yao. Alipofika aliambiwa kwamba angeweza kulala usiku mmoja tu, kwa sababu rangi yake haikuwapendeza wageni wazungu kutoka Marekani. Alipata pa kulala katika hoteli nyingine. Mtu mwingine angalisema kwamba amekwisha kulala na yatosha. Constantine aliipeleka hoteli mahakamani, na mwaka 1944 hakimu aliamua kwamba mwenye nyumba ya wageni hana ruhusa kumkataa msafiri pasipo sababu ya haki. Alipewa fidia ya gini 5, yaani pauni 5 na shilingi 5. Kwa hesabu ya fedha ni kitu kidogo. Lakini uamuzi ulibaki katika kumbukumbu za mahakama, ukawa neno ambalo wageni waliokuja nyuma yake waliweza kuliegemea. Na mwaka 1965 Uingereza ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi wa namna hiyo mahali pa watu wote, hoteli zikiwamo. Constantine alisema mbele ya mwenye kosa, juu ya kosa lenyewe, na faida yake iliwaendea wengine.

Hata hivyo msemaji wa haki hana budi kutenga umaskini na hila. Handeni imepata shida ya maji kwa miaka mingi, hata katika miaka ya 1970 ukajengwa mradi mkubwa wa kuyavuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe na kuyapandisha mpaka huko. Maji yasafiriyo hivyo huweza kukatika kwa pampu kuharibika au kwa umeme kuzimika, na mwenye nyumba hana hatia kwa hayo. Aliyeandika “maji ni ya ndoo, huletwa jioni” amewatendea wageni wake haki, hata kama ndoo yenyewe ni moja. Mwenye hatia ni yule aandikaye “saa zote” akijua kwamba bomba ni kavu. Chumba kidogo chenye mkeka safi, taa ya mafuta na mlango ufungwao ni nyumba ya heshima kama kilitangazwa hivyo. Kitu cha kwanza ambacho mgeni amenunua ni neno la kweli, maana kwa neno hilo ndipo alipoamua kulala au kuendelea na safari. “Ahadi ni deni,” na deni hilo halipunguzwi na umaskini wa mdeni, kwa kuwa ukweli hauna gharama.

Kwa hiyo mgeni mwenye kuiona ila na aseme kabla hajaondoka, wakati ambapo ila yaweza kutazamwa. Aseme na awezaye kuitengeneza, si na yule aliye karibu kwa kuwa ni mnyonge. Aseme juu ya mlango, shuka na chandarua, si juu ya kabila la watu wala uchafu wa nchi. Na akiandika, aandike yote mawili: kwamba milima ni mizuri na kwamba kitasa hakifungi. Mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Aisome safu ya maoni kama asomavyo safu ya mapato, na asimwadhibu mhudumu kwa neno la mgeni. Kwani amfukuzaye mhudumu kwa sababu hiyo amewafunga vinywa wageni wote wenye huruma, na waliobaki kusema ni wakali tu.

Wasomaji wa kurasa hizi watatambua kwamba nyumba ya wageni si mahali pekee penye safu kama ile. Shule hupokea watoto kwa ada, hospitali hupokea wagonjwa kwa malipo, ofisi hupokea raia kwa kodi waliyoitoa. Katika kila moja ya hizo tumezoea kuleta adabu ya mtu aliyepewa bure: twashukuru kwa sauti, twaondoka, na matundu twamwachia ajaye. Adabu hiyo ilikuwa tukufu katika nyumba ilikozaliwa. Ikipelekwa mahali pa malipo hugeuka kuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo mzembe hukaa kwa raha kuliko mtu mwingine yeyote. Milima ya Usambara haihitaji sifa zetu, nayo itakuwa mizuri tukisema au tukinyamaza. Anayelihitaji neno letu ni msafiri ambaye usiku huu atashuka Korogwe asimjue mtu, aufuate ubao ulio kando ya njia, na kukifunua kitabu kutafuta wale waliotangulia walisema nini.